Bei chee au bei mbaya: namna ya kununua spana na soketi bila kujuta

Nati ya paipu ya breki kwenye Land Cruiser inafunguliwa kwa spana ya 10, yaani milimita 10. Ni ndogo, chuma chake si kigumu, na ikishakaa miaka kadhaa ikipigwa na vumbi la Serengeti na matope ya masika, inashikana na paipu kama imechomelewa. Mwezi wa saba mmoja, msimu wa wageni umechanganya, nilikuwa chini ya gari la watalii pale Unga Limited, hapa Arusha, saa nne usiku. Gari lilitakiwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Spana ya mdomo wazi niliyokuwa nayo mkononi niliinunua kwenye turubai la machinga kwa pesa ya soda mbili. Nikavuta mara moja. Nikauona mdomo wake ukipanuka taratibu, kama mtu anayepiga miayo, na pembe za nati zikaondoka. Nikachukua vaisgripu, ile koleo inayojifunga yenyewe, nikamalizia kuiua. Saa nane usiku tukawa tunakata paipu, dogo mmoja kaenda kumgongea mtu mlango atufungulie duka. Gari liliondoka, ila liliondoka saa nne asubuhi, na yule dereva mpaka leo akiniona anaangalia saa yake.

Ungedhani baada ya hapo nilianza kununua kila kitu cha bei mbaya, yaani ghali. Nilifanya hivyo kweli, kwa miaka kama miwili, na nalo likawa kosa. Nilijibana nikachukua seti kubwa ya soketi ya Ulaya, vipande mia na kitu, na hadi leo zaidi ya nusu yake inang'aa kama siku ilipotoka dukani. Wakati huohuo nyundo yangu ya bei chee kabisa imeshazika mipini mitatu na kichwa chake kiko vilevile. Watu wanasema rahisi ni ghali. Sawa, lakini kuna ghali nyingine ambayo ni ghali tu.

Siku hizi, kabla sijauliza bei, najiuliza kwanza: hiki kikiteleza au kikivunjika, kinachoharibika ni nini? Kama jibu ni "nitakiokota nijaribu tena", nanunua cha bei chee na roho inatulia. Kama jibu ni nati, thredi, kidole au uhai wa mtu, natoa pesa.

Kwanza: yajue magari yako kabla ya kujua vifaa

Fundi anayeanza huwa anakimbilia seti yenye vipande vingi. Chukua daftari badala yake, na kwa mwezi mmoja andika kila namba ya spana uliyoshika. Utashangaa jinsi orodha ilivyo fupi.

Kwa magari ya Japani, ambayo ndiyo mengi hapa mjini, kazi kubwa inafanywa na 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Nati za tairi kwenye Toyota nyingi ni 21. Kwenye Suzuki na Honda nyingi ni 19. Ukiwa na namba hizo, Noah, IST na hata Land Cruiser ya injini ya 1HZ unaifungua sehemu kubwa. Magari ya Kijerumani yanakuja na tabia zake: 13, 16 na 18 zinatokea sana, na bolti za tairi mara nyingi ni 17. Pia yanapenda vichwa vya nyota ya ncha sita (Torx) ambavyo soketi ya kawaida haivishiki kabisa, kwa hiyo kama huna wateja wa magari hayo, hiyo seti ya nyota iache dukani.

Land Rover Defender za zamani ndizo zinazowaponza vijana. Zimechanganya inchi na milimita kwenye gari moja. Nusu inchi ni milimita 12.7. Kijana anachukua soketi ya 13, inaingia, anafurahi. Ile nafasi ya milimita 0.3 iliyobaki, kwenye bolti iliyoshikwa na kutu, inatosha kula pembe zote sita. Na 9/16 ni milimita 14.29: ya 14 haiingii, ya 15 inacheza kama kengele. Hapo hata soketi ya bei mbaya kuliko zote duniani haitakusaidia kama namba si yake. Ukishika Defender mara kwa mara, nunua seti ndogo ya inchi, na 27 moja nzito kwa ajili ya nati za tairi. Ukishika moja kwa mwaka, azima.

Saizi za kichwa cha mraba cha racheti, ule mkono wa kuzungushia soketi, nazo ni tatu za kukumbuka: robo inchi kwa kazi ndogo za dashibodi, 3/8 kwa injini, na nusu inchi kwa chini ya gari. Fundi wa magari makubwa ya safari anaweza kuanza na nusu inchi peke yake, kisha 3/8. Fundi wa pikipiki aanze na 3/8, hiyo nusu inchi itamkatia bolti nyingi za bure.

Pili: weka pesa pale chuma kinapogusa nati

Hili nitalikalia kidogo, kwa sababu ndipo pesa inapopotea au kupona.

Soketi na spana nzuri hutengenezwa kwa chuma cha kromu na vanadi, ndiyo ile alama ya Cr-V unayoiona imegongwa kwenye mpini. Tatizo ni kwamba alama hiyo inakuambia kilichomo kwenye chungu, haikuambii kama ugali uliiva. Chuma hicho lazima kipashwe moto, kipozwe ghafla, kisha kipashwe tena kwa kiasi ili kiwe kigumu bila kuwa kama glasi. Kiwanda kinachobana gharama kinabana hapo hapo. Kikikizidisha ugumu, soketi inapasuka. Kikikiacha laini, mdomo unapanuka kama ule wangu wa usiku wa manane. Zote mbili zina Cr-V, na zote mbili zinang'aa.

Kwa hiyo vitu hivi nunua vizuri hata kama itabidi ununue kimoja kimoja: soketi za 10, 12, 14 na 17, spana ringi za namba hizohizo, spana ya nati za paipu za breki, ile inayofanana na ringi iliyokatwa pengo ili ipite kwenye paipu, ya 10 ikitangulia, alenki, na bisibisi za nyota.

Kwenye soketi, chagua yenye pembe sita. Yenye pembe kumi na mbili ni rahisi kuipachika ukiwa huoni unachokifungua, lakini inashika nati karibu na ncha za pembe, mahali penye nyama kidogo. Ya pembe sita inasukuma ubavu wa nati. Soketi ya bei ya kati yenye pembe sita itafungua bolti ya kutu ambayo ya bei mbaya yenye pembe kumi na mbili ingeila. Hiyo tofauti haina gharama, ni kuangalia tu ndani ya soketi kabla ya kulipa.

Bisibisi inastahili neno lake. Ukiwa fundi wa bodaboda umeshakutana nayo: skrubu za kifuniko cha mafuta ya breki, au za kabureta, unaweka bisibisi ya nyota, unakandamiza, inapanda juu na kutoka, na msalaba wa skrubu unageuka shimo. Unalaumu skrubu. Mara nyingi kosa ni la bisibisi. Msalaba wa Kijapani, unaoitwa JIS, unafanana na ule wa Phillips wa Kimarekani lakini umekatwa tofauti kidogo, na bisibisi ya Phillips haizami vizuri ndani yake. Angalia kichwa cha skrubu: kama kuna kidoti kimoja kidogo pembeni mwa msalaba, hiyo ni JIS. Bisibisi mbili za aina hiyo, kubwa na ndogo, za kampuni ya Kijapani kama Vessel, zitakuokolea skrubu nyingi kuliko seti ya bisibisi ishirini. Na bisibisi ya JIS inafungua Phillips bila shida kubwa. Kinyume chake ndiyo balaa.

Halafu kuna spana malaya, ile yenye taya la kurekebisha. Msweden mmoja, Johan Petter Johansson, ndiye aliyeipatia sura tunayoijua na kuisajili mwaka 1892, na kampuni iliyotokana na kazi yake, Bahco, bado inazitengeneza. Watu hununua ya bei chee wakisema ni ya dharura tu. Mimi naona hapo ndipo bei chee inapoumiza zaidi, kwa sababu taya lake linacheza tangu dukani. Ikiwa huna pesa ya nzuri, usinunue kabisa, nunua spana mbili za namba badala yake.

Tatu: vitu ambavyo usivihurumie pesa hata kidogo, na vile vya kununua bila aibu

Stendi za gari. Land Cruiser ya safari inazidi tani 2 kabla hujapakia mafuta, hema na vyakula. Jeki ni ya kuinua, si ya kulalia chini yake, hata iwe ya bei gani. Stendi angalia unene wa mabati, namna zilivyochomelewa miguuni, na kile kisu cha kuzuia kama kinaingia kwenye meno kikamilifu. Ukiona kumechomelewa nusu au kuna rangi nene inayoficha maungio, ondoka. Matofali ya bloku usiyaite stendi. Bloku haipindi ikikuonya, inapasuka.

Soketi za impakti ya upepo, ile mashine ya kufungulia nati kwa kugonga, nazo zina chuma chao, kromu na molibdeni, nyeusi na zenye ukuta mnene. Soketi ya kung'aa usiifunge kwenye impakti. Inaweza kupasuka na kurusha vipande, na havichagui jicho. Na kama umeanza kushika magari ya haibridi, ambayo hapa Arusha yanaongezeka, vifaa vya kukinga umeme viwe na alama ya pembetatu mbili na 1000 V, ile inayoendana na kiwango cha IEC 60900. Mpini uliofungwa tepu nyeusi si kinga.

Upande wa pili sasa. Nyundo, brashi ya waya, sumaku ya kuokotea, trei za nati, faneli, spana kubwa za 30 na kuendelea unazozishika mara mbili kwa mwaka, pula ya beringi ya kazi isiyo ya kila siku, msumeno wa chuma (bledi ndiyo iwe nzuri, fremu acha iwe yoyote): vyote hivi bei chee inatosha.

Na kuna faida ya bei chee ambayo wauzaji hawaitangazi. Spana ya bei chee ni malighafi. Nina spana ya 14 niliyoikata katikati, nikaipasha moto, nikaikunja kama shingo ya bata, na ndiyo pekee inayofika kwenye bolti ya juu ya stata ya gari fulani bila kushusha kitu kingine. Ninayo ya 12 niliyoisaga kwenye grinda mpaka ikawa nyembamba kama sarafu. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuikata spana ya bei mbaya kama Hazet. Kwa hiyo zile spana ulizoanza nazo maisha usizitupe ukipata nzuri. Ziweke kwenye ndoo, siku yake itafika.

Nne: namna ya kukagua ukiwa dukani

Nenda na bolti mbili mfukoni, mpya, zilizotoka kwenye gari la Japani: moja yenye kichwa cha 12, nyingine ya 14. Hii ni mizani yako. Ukiwa na vernia, kile kifaa cha kupimia milimita, nayo iende.

Mazungumzo huwa hivi. "Mangi, hizi soketi ni za wapi?" "Jemani hizo, fundi wangu, orijino." Unageuza boksi, pameandikwa teknolojia ya Ujerumani, na hilo neno teknolojia ndilo linalobeba mzigo wote. Usibishane naye. Toa bolti, ingiza kwenye soketi, tikisa. Kunakuwa na nafasi kidogo sana, lazima, la sivyo haitaingia kwenye nati yenye rangi au vumbi. Lakini kama bolti inageuka kwa jicho unaliona pembe linasogea, irudishe. Jaribu tatu za namba ileile kutoka kwenye maboksi tofauti. Kiwanda kizuri kinarudia kipimo kilekile. Kibaya kinabahatisha, moja itakuwa sawa na ya pili italegea.

Angalia mdomo wa soketi kwa mbele. Ukuta uwe na unene ule ule kuzunguka. Kama upande mmoja ni mwembamba, tundu halikupigwa katikati, na hapo ndipo itakapopasukia. Pitisha kidole ndani na nje: kromu iliyoanza kubanduka kama maganda ya kitunguu itakukata vidole kabla haijakula nati. Namba iwe imegongwa kwenye chuma. Iliyochapwa kwa wino itafutika na oili ndani ya wiki mbili, halafu utakuwa unabahatisha namba gizani.

Racheti ishike sikioni. Nasema kweli, isikilize. Iliyo nzuri ina mlio mdogo, wa haraka, ulio sawa. Kisha weka soketi, uizungushe kwa vidole viwili kinyumenyume bila kushika mpini kwa nguvu: kama mpini unafuata badala ya kubaki, racheti hiyo itakutesa kwenye nati zilizolegea. Uliza meno. Yenye meno 72 inashika kila nyuzi 5 za mzunguko, yenye 24 inahitaji nyuzi 15. Kwenye nafasi ya wazi hutaona tofauti. Nyuma ya injini ya Noah, ambapo mkono wako unasogea upana wa kidole, nyuzi 15 ni ukuta.

Uzito usikudanganye. Spana nene si lazima iwe ngumu. Nyingine zimenenepeshwa kuficha ulaini, kisha haziingii kwenye nafasi finyu. Sumaku nayo haikuambii kitu, chuma chote hiki kinashikwa na sumaku, kizuri na kibovu.

Tupa ndiyo inayosema ukweli, ila mwenye duka hatakuruhusu. Nunua kimoja, nenda nacho nyumbani, pitisha tupa taratibu kwenye ukingo wa mdomo. Kama tupa inauma kwa shida, ni kigumu. Kama inazama kirahisi na kuacha unga mwingi, umenunua kijiko. Ukiridhika, rudi kachukue vilivyobaki.

Tano: majina, na dhamana zisizofika Arusha

Tuyapange majina bila unafiki. Juu kabisa wako Wajerumani kama Stahlwille, Hazet na Gedore, Wafaransa Facom, Waitaliano Beta, na Wamarekani Snap-on, kampuni iliyoanza mwaka 1920 kwa wazo la kuuza soketi nyingi zinazobadilishwa kwenye mikono michache. Wajapani Koken, KTC na Tone wanasimama hapohapo, na kwa magari tunayoshika sisi mimi huwapendelea, kwa sababu vifaa vyao ni vyembamba na vinaingia pale Toyota ilipovitegemea viingie. Katikati wako Wataiwani kama King Tony na Toptul. Chini yao, kwenye kila duka la vifaa kuanzia Kilombero mpaka Mbauda, utakuta Ingco na Total, ambavyo kwa fundi anayeanza au mwenye gari anayejitengenezea mwenyewe ni mahali pa haki pa kuanzia. Kisha kuna vile visivyo na jina, au vyenye jina linalobadilika kila kontena.

Ngazi ya katikati ndiyo naishauri kwa fundi wengi. Kutoka kisicho na jina kwenda katikati, ubora unaruka sana na bei inapanda kiasi. Kutoka katikati kwenda juu, bei ndiyo inayoruka, na unachopata ni wembamba, raha ya mkono na miaka mingi zaidi. Kama unashika kifaa hicho kwa muda wa saa nane kila siku, raha ya mkono ni pesa. Kama ni Jumamosi tu, hapana.

Ghushi zipo, na zinaiga majina ya juu. Herufi iliyokosewa kwenye boksi, nembo iliyopinda, na bei isiyofanana kabisa na jina: yote matatu yakikutana, unajua.

Kuhusu dhamana ya maisha, uliza swali moja tu: ikivunjika, ninaipeleka wapi? Kama jibu ni nchi nyingine, hiyo dhamana ni picha. Dhamana inayofanya kazi hapa ni ya mangi unayemjua kwa jina, ambaye ukimrudishia soketi iliyopasuka kesho yake atanuna kidogo kisha akupe nyingine.

Sita: mtumba

Mtumba wa vifaa ni mgodi kwa mwenye macho. Spana ya Gedore ya miaka mingi iliyopita, yenye kutu ya juu, ni bora kuliko mpya isiyo na jina kwa bei ileile. Kutu ya juu inatoka kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Usichonunua mtumba: mdomo uliokwisha panuka (pima kwa zile bolti zako), spana iliyopinda, iliyo na alama za kupigwa nyundo mkiani, racheti inayoruka ukiikaza, na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ya aina yoyote. Chunguza sana rangi ya chuma: eneo lenye bluu au zambarau limepitiwa na moto, ugumu wake umeshaondoka.

Saba: toki renchi na dumu la maji

Hiki ndicho kifaa ambacho bei chee inaweza kukubalika, kwa sharti ukipime mwenyewe. Nati za tairi za Toyota nyingi ndogo zinakazwa kwa 103 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la sentimita 60 anaweka zaidi ya 400 Nm. Ndiyo maana stadi za tairi zinakatika, na ndiyo maana diski zinapinda.

Kupima ni rahisi. Funga bolti nene kwenye vaisi, ilale mlalo. Vaa soketi, weka toki renchi nayo ilale mlalo. Jaza dumu la lita 20 maji, hizo ni kilo 20 pamoja na kilo moja hivi ya dumu lenyewe. Lining'inize kwa kamba sentimita 50 kutoka katikati ya soketi. Uzito huo kwa umbali huo, ukijumlisha uzito wa mpini, unakaribia 105 Nm. Sasa weka toki renchi kwenye 95, achia dumu taratibu kwa mkono: lazima itoe ule mlio wa "tak". Iweke 115, rudia: isitoe. Ikifaulu yote mawili, inatosha kwa tairi na bolti nyingi za chini. Kwa hedi ya injini mimi sitegemei dumu. Hapo nahitaji iliyopimwa kitaalamu, na kiwango cha ISO 6789 kinataka ipimwe tena kila miezi 12 au kila baada ya mara 5,000 za kukaza.

Ukimaliza kazi irudishe kwenye namba ya chini kabisa kabla ya kuihifadhi, maana springi iliyoachwa imekazwa inachoka. Na usiitumie kufungulia nati. Kwa kufungulia nunua pawa baa, ule mkono mrefu usio na meno. Bomba usilivalishe kwenye racheti. Meno ndani yake ni madogo, yakikatika ghafla utajikuta umepiga meno yako mwenyewe kwenye bampa.

Nane: mpangilio wa kununua kwa mwenye mfuko mdogo

Tuseme, kwa mfano tu, una shilingi 300,000. Usizimwage zote kwenye seti moja. Chukua seti ya kawaida ya soketi na spana ya ngazi ya chini yenye jina, tuseme 120,000. Elfu 100 nyingine weka kwenye stendi mbili za uhakika. Zinazobaki nunua spana ya paipu za breki ya 10, bisibisi mbili za JIS na soketi moja bora ya 14. Bei zibadilishe kulingana na duka, uwiano ndio ushike.

Kisha fanya kazi miezi sita. Kila kitakachopasuka, kupanuka au kukuudhi kila siku, kibadilishe kwa kimoja kizuri. Ambacho hukukigusa, ujue hukukihitaji, na hukupoteza kitu. Baada ya miaka miwili utakuwa na sanduku lenye mchanganyiko wa ajabu, halifanani na picha za matangazo, lakini kila kipande kina sababu. Ningeanza hivi zamani, ile seti yangu inayong'aa ingekuwa kompresa.

Mwisho, uangalizi. Vumbi la kiangazi linaingia kwenye racheti na kugeuka sandpepa. Ifungue mara mbili kwa mwaka, ioshe na petroli, weka tone la oili nyepesi. Grisi nzito usiweke, inanasa vumbi. Piga rangi yako, mstari mmoja wa rangi ya kucha unatosha, maana gereji ya watu sita vifaa huhama bila miguu. Na kabla gari halijawashwa, hesabu. Mimi nina sanduku lenye matundu, kila soketi na kitanda chake, na dogo wangu anajua kwamba tundu likiwa tupu gari haliondoki, hata dereva aangalie saa yake namna gani. Tundu la 10 ndilo linalokuwa tupu kila siku. Angalia kwanza juu ya gearboksi.